Wanataka kumbadilisha mwanangu jina kwa sababu anaitwa Yakobo

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia usiku, watu wote wamelala. Nina mtoto wa kiume wa miaka 10, yuko darasa la nne, anaitwa Yakobo. Jina hilo ni la marehemu baba yangu, aliyefariki miezi minne kabla mtoto hajazaliwa. Mama yangu ndiye aliyempa. Alimpokea mikononi akasema, "Mume wangu amerudi," na mpaka leo hamwiti vingine: mume wangu njoo ule, mume wangu mbona leo hujaniletea kuni. Na mimi mtaa mzima wananiita Mama Yakobo. Jina langu la kuzaliwa majirani wengi hata hawalijui.

Mwezi wa tatu mtoto alifanya kosa. Tulimpa shilingi 15,000 za masomo ya jioni, hakuzifikisha. Alituambia mwalimu ameshapokea. Wiki tatu akawa anatoka nyumbani kila jioni na daftari lake, kumbe anakwenda kukaa uwanjani hadi jua lizame. Tulipogundua baba yake alimchapa, na mimi nikamsema sana. Nilidhani limekwisha.

Mume wangu akalipeleka kwa mtumishi wa kikundi chetu cha maombi. Mtumishi alipouliza jina la mtoto na kutajiwa, akafumba macho, akasema tatizo ameshaliona. Alisema Yakobo kwa Kiebrania maana yake ni mdanganyifu, kwamba tumemvika mtoto roho ya udanganyifu tangu siku ya kwanza, na kwamba mnyororo huo unatoka kwa babu. Akasema hata Mungu mwenyewe alimbadilisha Yakobo jina akamwita Israeli, basi na sisi tufanye hivyo hivyo. Haya aliyasema mbele ya watu, mtoto akiwa amesimamishwa katikati.

Tangu siku hiyo mume wangu anamwita Israeli. Ameanza kuulizia namna ya kubadili cheti cha kuzaliwa, anataka liishe kabla ya mtihani wa darasa la nne. Mama yangu amesusa, haji kwetu, amesema tumemzika mumewe mara ya pili. Mtoto akiitwa Israeli haitiki, na akiitwa Yakobo anamtazama baba yake kwanza. Juzi nilikuwa namwogesha mdogo wake, akaja akasimama mlangoni akaniuliza, "Mama, kwa hiyo mimi nilizaliwa mwongo?" Sikuweza kumjibu.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na karani wa ghala la ushirika, na hakuna aliyewahi kumdai senti. Mwalimu, naomba uniambie ukweli. Jina hili maana yake ndiyo hiyo? Kama ndiyo, niko tayari kulibadilisha hata mama akinichukia. Sitaki kumfunga mwanangu kwa ajili ya kumkumbuka baba.

Mama Yakobo, Iringa

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali la mtoto, kwa kuwa yeye ndiye anayesubiri. Hakuzaliwa mwongo. Mwambie hivyo kesho asubuhi kabla hajaenda shule, hata kama hujamaliza kusoma jibu hili.

Sasa jina. Kwa Kiebrania linatamkwa Yaakov, na ndani yake Mwebrania anasikia neno akev, yaani kisigino. Fungua Mwanzo 25. Rebeka anajifungua mapacha. Wa kwanza anatoka mwekundu, ana nywele mwili mzima, wanamwita Esau. Wa pili anatoka mkono wake umeshika kisigino cha nduguye, wanamwita Yakobo. Kwetu tungewaita Kulwa na Doto, na hakuna anayedhani jina la Doto lina roho ndani yake. Linaeleza tu alivyokuja duniani. Kisigino ndiyo maana pekee ambayo msimulizi wa Mwanzo mwenyewe anaifungamanisha na jina hili siku lilipotolewa, na wakati huo mtoto hajamdanganya mtu yeyote. Ana dakika chache tu tangu azaliwe.

Basi "mdanganyifu" imetoka wapi? Imetoka katika kinywa cha Esau. Nenda sura ya 27. Esau amerudi kutoka kuwinda, amepika, ameingia kwa baba yake, anakuta mbaraka umekwishatolewa. Kwa kilio chake anasema, si ndiyo maana akaitwa Yakobo, amenizunguka mara mbili hizi. Kiebrania kina kitenzi cha mzizi uleule wa kisigino, akav, kumshika mtu kwa nyuma, kumzunguka. Esau analigeuza jina la nduguye kuwa kitenzi hicho, na katika pumzi ileile anacheza na maneno mengine mawili: bekora, haki ya mzaliwa wa kwanza, na beraka, ambalo wewe Mswahili unalisikia bila kufasiriwa. Amenyang'anywa bekora, sasa amenyang'anywa na beraka. Ni maneno ya mtu aliyeumizwa, na alikuwa na haki ya kuyasema. Lakini ndugu akililia jina la nduguye kwa uchungu, kilio chake hakiwi tafsiri ya jina kwa vizazi vyote.

Mtumishi wenu hakulitunga jambo hili, na sitaki umfikirie hivyo. Nabii Hosea, sura ya 12, anaukumbusha ukoo wa Yakobo kile kisigino alipokuwa akiwakemea, na Yeremia sura ya 9 anautumia mzizi uleule kuhusu ndugu wanaohadaana. Mchezo wa maneno umo katika Maandiko. Kosa ni kuuchukua mchezo wa maneno na kuufanya hukumu, kisha kumvika mtoto wa darasa la nne.

Na liko jambo la zamani zaidi ambalo ningependa mumeo alijue. Majina mengi ya Kiebrania ni sentensi fupi zenye jina la Mungu mwishoni: Ishmaeli, Mungu asikia, Yezreeli, Mungu apanda. Mengine yamekatwa mkia, limebaki tendo tu. Yusufu ni "aongeze", na Raheli anamalizia mwenyewe sentensi hiyo katika Mwanzo 30, Bwana aniongezee mwana mwingine. Wanazuoni wengi wa lugha za Kisemiti wanaona Yaakov ni jina la aina hiyo, limekatwa kutoka umbo refu la Yaakov-El, na El ni Mungu. Umbo hilo refu lipo. Limesomwa katika vibao vya udongo vya kaskazini mwa Syria vya karne ya 18 kabla ya Kristo, na linatokea kama jina la mahali huko Kanaani katika orodha ambayo Farao Thutmose wa Tatu aliichonga kwenye hekalu la Karnak. Mzizi wake katika majina hayo ya kale huelezwa kwa maana ya kulinda. Maana hiyo ingali hai jirani yetu kabisa: katika Kigeezi, lugha ya ibada ya Kanisa la Ethiopia, aqaba ni kulinda, kutunza. Kwa hiyo kabla Esau hajalia, na pengine kabla ya hadithi yenyewe kuandikwa, walikuwapo kina mama waliowaita watoto wao Yakobo wakimaanisha "Mungu amlinde". Mama yako, aliyempa mjukuu jina hilo kaburi la mumewe likiwa bado bichi, alifanya jambo lilelile bila kusoma kibao chochote.

Jirani zetu Waislamu nao wanalo, Yakubu, na Kurani inamtaja miongoni mwa manabii. Katika Sura Hud mkewe Ibrahimu anabashiriwa Is-haka, na nyuma ya Is-haka, Yaakubu. Sijawahi kusikia shehe anamwambia mzazi abadili.

Lakini tuseme hakuna kibao wala Karnak, tuseme mtumishi yuko sahihi na jina ni hilohilo la mdanganyifu. Je, jina humfanya mtu? Absalomu ni "baba ni amani", naye akainua upanga juu ya Daudi baba yake. Yuda limetokana na kushukuru na kusifu, Lea analisema wazi katika Mwanzo 29, na huyo aliyemuuza Bwana wetu kwa vipande 30 vya fedha aliitwa Yuda. Jina zuri halikumzuia. Upande wa pili yuko Yabesi, 1 Nyakati 4, aliyeitwa hivyo kwa sababu mama yake alimzaa kwa huzuni. Alimwomba Mungu na Mungu akampa alichoomba, akiwa bado anaitwa Yabesi. Kwetu wangapi tunawajua wanaoitwa Tabu, Shida, Mashaka, na nyumba zao zina amani?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenifanya nichague barua yako.

Yakobo alidanganya kweli. Sitalifunika hilo. Alijivika ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, akaingia kwa mzee asiyeona. Lakini angalia alidanganya kwa jina la nani. Isaka alimuuliza, wewe u nani? Akajibu, mimi ni Esau, mzaliwa wako wa kwanza. Uongo wake ulianza pale alipoliacha jina lake. Kisha mbuzi wakamrudia: Labani alimwoza Lea usiku, Yakobo akidhani ni Raheli, na miaka mingi baadaye wanawe mwenyewe walichovya kanzu ya Yusufu katika damu ya mbuzi wakamletea aitambue. Alilipia kwa maisha, kwa machozi, wala hakuna mahali Biblia inasema tatizo lilikuwa jina.

Miaka 20 baada ya lile kosa yuko kivukoni Yaboki, usiku, peke yake. Kesho yake anakutana na Esau, na anaogopa. Anashindana na yule mtu hadi alfajiri, na kabla ya kubarikiwa anaulizwa swali lilelile aliloulizwa na baba yake: jina lako nani? Safari hii anajibu, "Yakobo."

Mwanangu, pale ndipo alipopona. Swali lilikuwa lilelile na jibu likawa la kweli, kwa jina lake mwenyewe. Mtumishi ameona sehemu ya kupewa jina la Israeli, lakini ameruka mstari uliotangulia. Mnataka kumtoa Yakobo wenu kwenye uongo, na njia mliyoichagua ni kumfundisha kwamba jina lake la kweli ni la aibu na inabidi ajibu kwa lingine. Hiyo ndiyo njia ya ngozi za mbuzi.

Na hilo la kusema "Mungu alimbadilisha" lisomwe lote. Abramu alipoitwa Ibrahimu katika Mwanzo 17, kitabu cha Mwanzo hakimwiti tena Abramu hata mara moja. Yakobo si hivyo. Aliitwa Israeli Yaboki, akaitwa tena Israeli Betheli katika sura ya 35, na bado jina la Yakobo likaendelea, yakawa yanakwenda mawili kama mtu na kivuli chake. Mungu anapojitambulisha kwa Musa kwenye kijiti kinachowaka, hasemi Mungu wa Israeli. Anasema Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka na Mungu wa Yakobo. Yesu akayarudia maneno hayo kwa Masadukayo. Zaburi ya 46 inasema Mungu wa Yakobo ni ngome yetu, na tunaiimba. Kama jina lingekuwa mnyororo, Mungu asingejiita kwa hilo.

Tena lilikuwa jina la nyumbani kwa Yesu. Soma Mathayo 1, mwisho wa ule ukoo mrefu ambao watu huupita haraka: Yakobo akamzaa Yusufu, mumewe Mariamu. Halafu Mathayo 13, watu wa Nazareti wanapowataja ndugu zake Yesu, wa kwanza kutajwa ni Yakobo. Jina la babu limerudi ndani ya nyumba, kama lilivyorudi kwako. Huyo Yakobo ndiye aliyeongoza kanisa la Yerusalemu. Mwingine, mwana wa Zebedayo, aliuawa na Herode kwa upanga kwa ajili ya imani. Waingereza wamelikata jina hili vipande viwili, wa Agano la Kale wanamwita Jacob na hawa wawili wa Agano Jipya James, basi msomaji wao hajui kama ni jina moja. Sisi Biblia yetu imetuachia lote zima. Mtu akilikataa jina Yakobo kwa Kiswahili, ajue anawakataa na hao mitume.

Sina neno baya juu ya jina Israeli, ni jina la heshima. Ila mtoto anayeitwa hivyo kwa lazima, katika lugha ambayo malaika mtoa roho tangu zamani huitwa Izraili, atapata shida ya pili kwa watoto wenzake.

Basi mfanye nini?

Cheti msikiguse. Mtoto ana kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejesta ya shule, na karibuni atakuwa na namba ya mtihani, vyote vikisema Yakobo. Kila aliyewahi kufuatilia herufi moja iliyokosewa kwenye cheti anajua safari zake. Akifika miaka 18 na akitaka jina lingine, ataapa mwenyewe mbele ya wakili, kwa hiari yake. Leo hana namna ya kukataa, na hilo peke yake linatosha kuwafanya msubiri.

Mumeo usimvamie na mistari hii yote kwa pamoja. Umeniandikia kwamba alimchapa mtoto, halafu akampeleka kwenye maombi, halafu akaanza kufuatilia vyeti. Mimi ninamwona baba mwenye hofu, anatafuta dawa mahali popote anapoelekezwa. Kaa naye mkiwa wawili, mtumishi asiwepo, mwombe asome Mwanzo 27 na 32 kwa sauti, kisha umuulize swali moja: yule mzee asiyeona alipouliza u nani, Yakobo alijibu nini? Mwache anyamaze nalo. Baadaye, kama mtamwendea mtumishi, nendeni pamoja na kwa adabu, mkamwombe jambo dogo: kwamba alilolisema mbele ya watu juu ya mtoto alirekebishe mbele ya watu walewale. Mtoto alisimamishwa katikati. Hawezi kutolewa pale kwa minong'ono ya pembeni.

Kwa mama yako nenda wewe mwenyewe, na mtoto. Usiende kumweleza Kiebrania. Mpeleke mumewe na mzigo wa kuni.

Halafu kuna ile hela. Nimesoma barua yako mara tatu, sijaona mahali mmemuuliza kwa nini. Alichapwa, akasemwa, akaombewa. Mtoto anayekaa uwanjani wiki tatu kila jioni, peke yake na daftari, anakimbia kitu. Huenda hafuati somo na anachekwa. Huenda kuna anayemtisha njiani au hukohuko masomoni. Huenda hela alinyang'anywa siku ya kwanza na akaogopa kurudi nyumbani kusema, na uongo uliofuata ulikuwa wa kuifunika hofu ya mwanzo. Kosa bado ni kosa, na alipe kidogo kidogo kwa kazi za nyumbani anazoziweza. Ila muulize kwanza, mkiwa mnafanya kazi fulani pamoja, mnachambua mchele au mnapukuchua mahindi, macho yako yakiwa kwenye ungo. Na akikuambia, usipige kelele, hata kama utakalosikia ni baya.

Siku mtakayokuwa mmepatana nyumbani, someni Mwanzo 46 baada ya chakula cha jioni. Ni mzee sasa, anaogopa kushuka Misri, amelala Beer-sheba. Mstari wa pili unasema Mungu alinena na Israeli katika maono ya usiku. Msimulizi anamwita Israeli. Lakini Mungu mwenyewe alipofungua kinywa aliita, "Yakobo, Yakobo." Baba yake ndiye asome. Akifika hapo asome hayo majina mawili, anyamaze, amwachie mtoto amalizie mstari: "Mimi hapa."